Kipimo cha Dawa ya Mtoto

Mji wa Lubumbashi una komini saba. Ile iliyo kubwa kwa eneo huitwa Annexe. Nayo imeuzunguka mji kama vile ua unavyoizunguka nyumba. Huko ndiko iliko mitaa ya Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi na mingine mingi. Barabara zake nyingi ni za vumbi, na asubuhi na mapema huonekana wanaume wakisukuma baisikeli zilizobebeshwa magunia ya makala kutoka porini.

Katika mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi ni wa baridi kali. Watu hufunga madirisha na kuingiza babula ndani ya nyumba, wapate kuota moto wa makala. Kufanya hivyo ni hatari, maana moshi na hewa mbaya ya makala huumiza mapafu, na hata huua watu wakiwa usingizini. Tena ndiyo miezi ambayo watoto hukohoa sana.

Katika nyumba moja ya Kalebuka walikaa watu watano: baba, mama, bibi yao mzee waliyemwita Kambo, msichana wa darasa la tano, na mtoto mchanga wa miezi 9. Msichana yule wote walimwita Yaya, kwa kuwa ndiye mkubwa. Baba alikuwa mtu wa makala, na Mama aliyauza kwa ndoo kando ya barabara.

Jumapili usiku mtoto alikohoa bila kupumzika. Mwili wake ulikuwa moto. Alinyonya kidogo, akaacha, akalia kwa sauti ndogo. Kulipopambazuka Mama alimfunua nguo mbele ya dirisha, akashtuka.

"Kambo, njoo utazame," akasema. "Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panaingia ndani."

Kambo akatazama, akanyamaza. Yeye alikwisha kuzika watoto wawili wa kwake kwa kikohozi cha namna hii, zamani. Hakusema neno juu ya hayo. Alichukua kitenge chake na kusema, "Twende sasa hivi. Tusingoje Baba arudi."

Wakaenda zahanati ya misioni. Yaya aliwafuata, akibeba mfuko wa nguo za mtoto.

Sista mwuguzi hakuanza na dawa. Alimwambia Mama ampakate mtoto mpaka atulie, kwa sababu mtoto anayelia hupumua upesi hata akiwa mzima. Kisha akashika saa yake, akakitazama kifua cha mtoto dakika moja nzima, akihesabu kimoyomoyo.

"Ni 58," akasema. "Mtoto wa tangu miezi 2 mpaka mwaka mmoja asiyefika, akipumua mara 50 au zaidi katika dakika moja, anapumua upesi kupita kiasi. Aliyetimiza mwaka mmoja mpaka miaka 5, ni mara 40 au zaidi. Mama, huyu ana nimonia. Vijidudu vimeingia ndani ya mapafu."

"Atapona, Sista?"

"Ananyonya bado, hatapiki kila kitu, hana degedege, na macho yake yananitazama. Kama ingekuwa kinyume, ningewapeleka hospitali kubwa sasa hivi. Tutampa dawa hapa. Lakini dawa hii ni ya kupimwa. Sikilizeni vizuri, na wewe binti sikiliza, maana unajua kusoma."

Akampima mtoto katika mizani: kilo 8. Watoto wengi wanaosoma somo hili hudhani kipimo cha dawa hutoka katika umri tu. Mganga hutazama uzito kwanza. Watoto wawili waliozaliwa siku moja waweza kupishana kilo 3, na dawa inayomtosha mmoja isimtoshe mwenzake.

Sista akatoa chupa. Yaya akashangaa, kwa kuwa ndani mlikuwa na unga mweupe mkavu, tena haukufika hata nusu.

"Sista, dawa iko wapi?"

"Ndiyo hiyo. Inaitwa amoksisilini. Ikikaa kavu hudumu muda mrefu. Ikitiwa maji huanza kupoteza nguvu, ndiyo sababu hutiwa maji siku ile ya kuanza kuitumia."

Akaigonga chupa kwa kiganja, unga ulioshikamana chini ukaachana. Akachukua maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia nusu, akafunga, akatikisa kwa nguvu. Povu likajaa. Akaiweka chupa juu ya meza, akangoja. Povu liliposhuka, ilionekana kwamba dawa haijafika kwenye mstari uliochorwa chupani. Hapo akaongeza maji kidogo kidogo mpaka mstarini sawasawa, akatikisa tena.

Mama akauliza mbona anafanya taratibu hivyo. Sista akamweleza kwamba maji yakipungua dawa inakuwa kali, na maji yakizidi dawa inakuwa nyepesi. Mtu akitazama povu akadhani ni dawa, amekwisha kukosa tangu mwanzo. Tena maji ya kisima yasiyochemshwa yana vijidudu vyake; haifai kuvitia katika dawa ya kuua vijidudu.

Katika chupa ilikuwa imeandikwa kwamba kila mililita 5 zina miligramu 250 za dawa, na kwamba chupa nzima ni mililita 60. Sista akaandika kwenye kikaratasi: mililita 5, asubuhi na jioni, siku 5. Akawapa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, lenye mistari ya kupimia.

"Yaya, vuta mpaka mstari wa 5."

Yaya akavuta. Mlikuwa na hewa juu ya dawa. Sista akamwonyesha kuigeuza ncha juu, kugonga kwa kidole, kusukuma hewa itoke, kisha kupima tena. Mama akamkalisha mtoto wima mapajani. Sista akaingiza ncha ya bomba kando ya shavu, ndani ya mdomo, akasukuma kidogo, akangoja mtoto ameze, akasukuma kidogo tena.

"Msimlaze chali," akasema. "Msimbane pua. Mtoto anayelia akibanwa pua huvuta dawa ikaingia mapafuni, napo ndipo penye ugonjwa. Wala msiimwage dawa ndani ya bakuli la uji. Akiacha nusu ya uji, ameacha nusu ya dawa, na ninyi hamtajua. Akitapika kabla nusu saa haijapita, mpeni kipimo kingine kama hicho. Akitapika tena, mrudi hapa. Mkisahau mara moja, msimpe viwili pamoja."

"Na akitoka vipele?"

"Akitoka vipele mwilini, mwacheni kwanza bila dawa, mje mnionyeshe. Akivimba uso, au pumzi ikambana, kimbieni mchana au usiku. Siku ya tatu, Jumatano, nataka kumwona hata kama amepata nafuu."

Hivyo kipimo cha kwanza kilitolewa Jumatatu asubuhi.

Jioni ile Mama alikuwa bado barabarani na makala yake. Kambo akataka kumpa mtoto dawa. Akachukua kijiko kutoka jikoni.

"Kambo, Sista alitupa bomba," Yaya akasema.

"Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Tangu zamani tunajua hivyo."

Yaya hakubishana na mkubwa. Alileta kikombe cha maji na vijiko vyote vya nyumbani, navyo vilikuwa vitatu. Akavuta maji kwa bomba, akaijaza kijiko cha kwanza, kile kidogo chenye mpini uliopinda. Kilipofika mililita 3 maji yakamwagika. Akajaza cha pili, walichozoea kukorogea chai: kilimeza mililita 7. Cha tatu, cha mchuzi, kilimeza 14.

Kambo akavitazama vijiko vile vitatu muda mrefu. "Na vyote vinaitwa kijiko," akasema.

Huu ni ukweli uliopimwa na waganga katika nchi mbalimbali: vijiko vya chai vya nyumbani havifanani. Kimoja hakifiki mililita 3, kingine hupita 7. Tufanye hesabu ya mtoto wa Kalebuka. Kipimo chake ni mililita 5 mara 2 kwa siku, siku 5, jumla 50. Kwa kijiko cha kwanza angepata 30 tu, naye angeonekana amekunywa dawa siku zote. Kwa kijiko cha pili angehitaji 70, na chupa ina 60. Alhamisi jioni angekuwa amekwisha kunywa 56, na Ijumaa asubuhi mngebaki mililita 4 chupani. Amoksisilini ikizidi huleta kuhara na kutapika. Lakini ziko dawa nyingine za maji ambazo kuzidisha kwake ni hatari zaidi: parasetamoli, ile dawa ya homa iliyo katika nyumba nyingi, ikizidi huharibu ini.

Baada ya hayo wakatikisa chupa. Yaya alijua sababu, kwa kuwa alikuwa amesimama karibu na Sista. Unga wa dawa hauyeyuki wote. Tia unga wa bukari katika glasi ya maji, uiache: baada ya muda unga wote uko chini, na juu ni maji tu. Ndivyo ilivyo dawa hii. Asiyetikisa humpa mtoto maji siku za kwanza, na siku za mwisho humpa uji mzito wa dawa. Katika chupa nyingi za Kongo neno hilo limeandikwa kwa Kifaransa: agiter avant l'emploi, yaani tikisa kabla ya kutumia.

Nyumba ile haikuwa na saa ya ukutani. Lakini kengele ya misioni husikika mpaka Kalebuka wakati wa sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni. Mama akaamua kengele ya asubuhi ni ya dawa, na ya jioni ni ya dawa. Kati ya hizo mbili ni saa 12, kama Sista alivyotaka. Kila mara Yaya alichora mstari mmoja kwa makala nyuma ya mlango.

Friji hawakuwa nayo. Waliiweka chupa ndani ya sufuria ya udongo, katika pembe yenye kivuli, juu ya kabati ambako mtoto wa mtu hafiki. Dawa hiyo ni tamu na inanukia kama matunda. Mtoto wa miaka mitatu akiipata huinywa yote kama soda.

Jumanne usiku homa ilishuka. Jumatano asubuhi mtoto alicheka, akavuta hereni ya Kambo. Nyuma ya mlango palikuwa na mistari 5.

Kambo akafurahi sana. "Amepona!" akasema. "Sasa tuiweke dawa iliyobaki. Fedha imetoka nyingi. Baridi haijaisha, ataugua tena."

Kabla Mama hajajibu, jirani akabisha hodi. Alimbeba mgongoni mwanawe wa miaka 3, aliyekohoa, kamasi zikimtoka.

"Mama, nimesikia mtoto wako amepona. Nisaidie kijiko viwili tu vya ile dawa. Leo sina hata faranga moja."

Mama akatazama chini. Mwaka uliopita mwanamke huyu alimkopesha unga wiki nzima, wakati Baba alipoumia mguu. Mtu wa namna hiyo humnyimi dawa iliyo kabatini kwako. Mama akainuka, akaitwaa chupa, akaishika mkononi.

Yaya akatazama mistari ya mlangoni. "Mama," akasema polepole, "leo ni Jumatano. Sista alisema twende. Twende sote, na chupa tuichukue."

Basi wakaenda wote, na Kambo akaenda, kwa kuwa alitaka kusikia mwenyewe.

Sista akamhesabu mtoto mchanga: 42. Kifua hakiingii ndani tena. Akafurahi. Akampokea na mtoto wa jirani, akamtuliza kwa ufunguo wa kuchezea, akahesabu: 28. Akamsikiliza mgongo, akamtazama masikio na koo.

"Huyu ana mafua," akasema. "Mafua huletwa na virusi, na dawa hii haiui virusi hata kimoja. Ungempa, ungemletea kuhara bure. Mpe maji, supu, chai ya vuguvugu, na umpanguse pua. Akianza kupumua upesi, au akakataa kunywa, mlete siku hiyo hiyo. Hapa kuhesabu pumzi ni bure."

Jirani akapumua. Ndipo Kambo akauliza neno lake: kwa nini mtoto aliyepona aendelee kunywa dawa?

Sista akamwambia habari ya askari mmoja wa polisi wa Uingereza, jina lake Albert Alexander. Mwaka 1928 mganga Alexander Fleming aliona huko London ukungu ukiua vijidudu ndani ya sahani yake ya kazi, akaiita dawa ya ukungu ule penisilini. Miaka mingi ikapita, mpaka Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford walipopata njia ya kuitoa, nayo ilikuwa kidogo mno. Yule askari alikuwa ameoza usoni kwa vijidudu. Jicho moja lilikwisha kutolewa. Tarehe 12 Februari 1941 walimpiga sindano ya kwanza. Baada ya siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Waganga wakafurahi kama Kambo leo. Lakini dawa ilikwisha. Waliichuja hata kutoka katika mkojo wake ili wamrudishie, haikutosha. Vijidudu vilivyobaki vikaongezeka tena, na tarehe 15 Machi 1941 askari yule akafa.

Kambo akashika shavu. "Wao walikosa dawa," akasema.

"Ndiyo. Walikosa. Ninyi mnayo chupani, na mnataka kuikatiza."

Sista akaongeza kwamba mwaka 1945 Fleming, alipopewa tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain, alionya watu juu ya jambo hili: vijidudu vikionjeshwa dawa kidogo visife, hujifunza kuizoea. Siku hizi jambo hilo limetokea katika nchi zote, na ziko antibiotiki ambazo haziponyi tena magonjwa zilizoyaponya zamani. Amoksisilini ni ya ukoo wa penisilini.

Jirani akauliza habari za wale wanaouza dawa njiani, katika kikapu. Sista akajibu kwamba hajui ndani ya vile vikopo mna nini, na muuzaji naye hajui. Kisha akawaeleza mambo ya Marekani ya mwaka 1937. Kiwanda kimoja kilitaka dawa ya vijidudu iitwayo sulfanilamidi iwe ya maji, iwe tamu, watoto wainywe. Waliiyeyusha katika kitu kiitwacho diethilini glikoli, wasijaribu kwanza kama kina sumu. Zaidi ya watu 100 wakafa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Baada ya hapo, mwaka 1938, Marekani ikatunga sheria kwamba dawa mpya ithibitishwe kuwa haina madhara kabla ya kuuzwa.

"Mahali pengine," akasema, "tunatoa tembe za amoksisilini zinazoyeyuka katika kijiko cha maji. Tembe moja ina kipimo chake, haihitaji friji wala mstari. Zikifika hapa nitawapa hizo. Leo tuna chupa."

Wakarudi Kalebuka. Njiani Kambo ndiye aliyeibeba chupa.

Ijumaa jioni kengele ililia. Yaya akatikisa, akavuta mpaka 5, akatoa hewa. Kambo mwenyewe akasukuma dawa shavuni, kidogo kidogo, akingoja mtoto ameze. Yaya akachora mstari wa 10.

Chupani zilibaki mililita 10. Imeandikwa kwamba ikishatiwa maji isipite siku 7. Jumamosi Mama akairudisha zahanati. Sista akaipokea, akaiweka kando pamoja na dawa nyingine za kuharibiwa.

"Sista, basi nipe chupa tupu," Kambo akaomba. "Ni nzuri, ina kifuniko kizuri."

"Utatia nini ndani, Kambo?"

"Mafuta ya taa, ya kuwashia makala."

"Na mtoto ataona chupa ya ile dawa tamu."

Kambo akacheka, akafunga kitenge chake, wakaenda nyumbani.

Maulizo

1. Kwa nini Sista alingoja mtoto atulie kabla ya kuhesabu pumzi zake?
2. Mtoto wa miaka 2 anapumua mara 46 katika dakika moja. Je, ni sawa? Mtoto wa miezi 6 anapumua mara 46. Je, ni sawa?
3. Vijiko vitatu vya Kambo vilimeza mililita ngapi kila kimoja?
4. Mtoto mwingine ameandikiwa mililita 10 mara 2 kwa siku, siku 5. Chupa za mililita 60 zinahitajika ngapi? Zitabaki mililita ngapi?
5. Nyumbani kwenu leteni vijiko vyote. Katika darasa vipimeni kwa maji na bomba lisilo na sindano, mwandike hesabu ubaoni.
6. Kwa nini mtoto wa jirani hakupewa dawa?
7. Andikeni kwa maneno yenu habari ya askari Albert Alexander.